Kitumbua cha Siku ya Mkeka

Hapo zamani, zamani ambazo hata bibi yangu alizikuta zimeshachakaa, wanyama waliishi kama tunavyoishi sisi. Walijenga, walioana, waligombana kwenye foleni ya maji, na kila baada ya mavuno kadhaa walichagua rais. Kaeni vizuri. Anayetaka kusinzia asinzie upande wa ukuta, asimwangukie mwenzake.

Katika nchi hiyo alikuwepo Bibi Pimbi. Pimbi ni yule mnyama mdogo wa miambani, hana mkia wa kujivunia, na ukimwona kwa mbali utadhani ni sungura aliyenyang'anywa masikio. Bibi Pimbi alikaanga vitumbua katika gulio la Mwambani. Aliianza biashara hiyo akiwa msichana, na siku ninazowahadithia magoti yake yalikuwa yanalia ko, ko, ko kila akiinama kuchochea kuni. Alikuwa amechoka. Kuna uchovu wa kulala nao ukaamka umekwisha, na kuna ule unaoamka kabla yako ukakungoja mlangoni. Wake ulikuwa huo wa pili.

Mali yake ilikuwa moja tu: chuma cha kukaangia vitumbua, kizito, chenye mashimo mapana, alichoachiwa na mama yake. Zamani alijaza unga wa mchele mpaka ukingoni mwa shimo. Kitumbua kikatoka kinene. Ukila kimoja unashushia maji, unakwenda kulima mpaka jioni. Bei yake kauri moja.

Sasa bei ilikuwa kauri moja vilevile, lakini unga alikuwa anaupaka tu kwenye kitako cha shimo, na kitumbua kilitoka chembamba kama sikio la mbuzi.

"Bibi," Nyani akauliza asubuhi moja, akikiinua chake kwenye mwanga, "hiki ni kitumbua au ni kivuli cha kitumbua?"

"Ni kivuli. Mwenyewe amebaki darajani."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka kwa pua. Kila mtu alilijua daraja hilo. Mchele ulilimwa bondeni, ng'ambo ya mto, na kuufikisha sokoni lazima uvushwe. Rais Kiboko aliweka Mamba pale wakusanye ushuru. Kwanza walichota kiganja kwa kila kikapu. Baadaye wakachota kibaba. Siku hizo walikuwa wanachota mpaka mwenye kikapu anaona kitako cha kikapu chake.

"Basi pandisha bei, uache kutudanganya macho," akasema Nyani.

"Nikipandisha bei hutanunua. Nikipunguza kitumbua utanunua huku unanitukana. Nimechagua matusi."

Nyuma ya Nyani alisimama Mama Kwale na vifaranga vyake. Alikuwa amejifunga kanga ya kampeni, ile iliyogawiwa uchaguzi uliopita, imepauka mpaka sura ya Kiboko imebaki pua moja.

"Msimseme rais wangu," akasema. "Mwaka wa ukame nani alichimba bwawa? Ninyi nyote mlikuwa mmelala ulimi nje. Mama yangu alisimama nyuma ya Kiboko, na mimi nitasimama nyuma ya Kiboko."

"Na wanao watakunywa bwawa na kutafuna hiyo pua?" akauliza Nyani.

"Hajui," akasema Mama Kwale. "Wasaidizi wake wanamficha. Angejua bei ya mchele angewapiga Mamba wale mpaka wakome."

Akatoa kauri yake, akapokea kitumbua chake, akakigawa kwa vifaranga, kila kimoja kipande. Yeye akalamba mafuta kwenye jani. Bibi Pimbi aliliona hilo, akageuza uso, akaendelea kukaanga. Huruma haichochei kuni.

Foleni ilipokwisha akaja Nungunungu mhunzi.

"Bibi, kile chuma umeshaamua? Nitakiyeyusha nitoe majembe mazuri, na wewe utapata chochote."

"Subiri uchaguzi upite."

"Uchaguzi utabadilisha nini?"

"Hakuna. Ila nikikuuzia leo nitakaa nyumbani nisikilize hotuba."

Nungunungu akaondoka, miiba yake inagongana cha, cha, cha. Lakini Bibi Pimbi alijua anajidanganya. Hesabu ya unga na mafuta haikumpa hata magulio mengine mawili. Baada ya hapo chuma cha mama yake kitageuka jembe, na yeye atageuka mzigo wa wakwe zake.

Sasa sikilizeni desturi ya nchi hiyo, kwa sababu hadithi yote imekalia hapo.

Kura walipiga kwa kusimama. Kila mtu alisimama nyuma ya mgombea wake, na mstari mrefu ndio ulioshinda. Lakini siku moja kabla, wagombea waliketi kwenye mkeka katikati ya gulio tangu jua kuchomoza mpaka kuzama, na kila mmoja akala kile tu ambacho kauri moja inanunua. Wazee waliweka hivyo ili anayetaka kutawala aonje siku ya mtawaliwa. Iliitwa Siku ya Mkeka.

Desturi nzuri, ila wanyama waliiharibu wenyewe kwa adabu zao. Nani atampimia mkubwa sawasawa? Muuzaji akimwona rais mkekani alimrundikia sahani mpaka inamwagika, rais akala akashiba, akasimama akasema maisha ni nafuu. Hata Bibi Pimbi alishafanya hivyo, zamani.

Siku chache kabla ya Mkeka, mchana, ardhi ikalia puu, puu, puu. Rais Kiboko alikuja mwenyewe, na gunia begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mheshimiwa mwanangu. Keti, kama utapata kigoda kinachokuweza."

"Sikai. Siku ya Mkeka utanikaangia wewe. Nataka kitumbua cha zamani, kikubwa, nikiinue juu umma wote ukione. Nyati, mpinzani wangu, anazunguka akisema maisha yamepanda. Nitawaonyesha. Kauri moja, kitumbua kimoja, kama siku niliyoapishwa."

"Mchele sina."

Kiboko akalishusha gunia, tii! Bibi Pimbi akalinusa. Ulikuwa mchele wa bondeni, mpya.

"Huu umevukaje daraja ukiwa mzima hivi?"

"Mchele wangu haulipi ushuru."

"Ah. Nilisahau." Akapitisha mkono kwenye gunia. "Unachotaka ni ukubwa, sivyo?"

"Ukubwa. Aliyesimama mwisho kabisa akione."

"Atakiona."

"Na bibi," Kiboko akasema akigeuka kuondoka, "hapa unapokaangia pana wengi wanaopataka. Usinikosee."

Kesho yake akaja Nyati, anapuliza pua fuuu, fuuu, dumu la mafuta linaning'inia pembeni. Nyati alikuwa mkubwa karibu sawa na Kiboko, ila sauti yake ilikuwa kubwa zaidi.

"Shikamoo, mama yangu. Pole na kazi."

"Marahaba. Sema shida yako, mafuta yangu yanaungua."

"Siku ya Mkeka nataka kitumbua kidogo. Kidogo kabisa, kama kifungo cha shati. Nitakinyanyua mbele ya umma, halafu nitalia."

"Utaweza kulia?"

"Nimefanya mazoezi."

"Na ukipata kiti?"

"Ushuru wa daraja utafutika siku hiyohiyo."

"Kiboko naye alisema hivyo kuhusu ushuru wa aliyemtangulia."

"Mimi si Kiboko, mama."

"Naona. Una pembe."

Nyati akacheka, akaacha dumu, akaenda zake.

Bibi Pimbi akaketi katikati ya gunia na dumu, akayanyoosha magoti yake. Mmoja alimtaka aseme uongo mkubwa. Mwingine alimtaka aseme ukweli, lakini ukweli wa maigizo. Wote wawili walitaka kitumbua cha kuinua. Hakuna hata mmoja aliyezungumza habari ya kukila.

Akakaa akiliwaza hilo. Kisha akacheka kidogo, peke yake, mara ya kwanza tangu masika. Akaenda dukani kukopa hamira.

Siku ya Mkeka ilipofika, gulio lilijaa mpaka kwenye miamba. Msimamizi alikuwa Korongo, ndege mrefu asiyecheka, aliyesimama kwa mguu mmoja ili asionekane ameegemea upande wowote.

"Sheria ni zile zile," akasema. "Anayetoka mkekani kabla jua halijazama, amejitoa. Huli ila cha kauri yako. Anayetaka nyongeza aiombe kwa sauti, umma usikie, na mwenye chakula akubali."

Watu wakatabasamu. Nyongeza? Hakuna aliyewahi kukumbuka mgombea kuomba nyongeza. Walikuwa wanapewa bila kuomba.

Wagombea wakaketi. Mkeka ukalalamika krrr.

Bibi Pimbi akaanza na Kiboko. Unga wake ulikuwa umelala na hamira ya kutosha mazishi matatu, umeumuka, unatoa povu. Alitia kijiko kimoja tu kwenye shimo, na kile kijiko kikapanda, kikapanda, kikavimba kikapita ukingo wa chuma. Kikatoka kitumbua cha dhahabu, kikubwa kama kichwa cha Nyani.

"Aaaa," umma ukasema. Mama Kwale akapiga vigelegele mpaka vifaranga vikaziba masikio.

Kiboko akakiinua. "Mnaona? Kauri moja, ndugu zangu. Kauri moja tangu nilipoapishwa. Anayewaambia maisha yamepanda anataka kiti changu."

Kisha akauma.

Pwaaa! Kitumbua kikatoa pumzi usoni mwake na kunywea kama mfuko uliomwagwa. Ndani hamkuwa na kitu. Kulikuwa na ngozi tu, na hewa ya moto.

Kiboko akamtazama Bibi Pimbi. Bibi Pimbi alikuwa anapuliza moto wake, fuu, fuu, kana kwamba siku hiyo kuni ndizo zilizogombea urais.

Mkubwa yule angesema nini? Akisema ni kitupu, amekubaliana na Nyati mbele ya watu wote. Akameza ngozi ile na hewa yake.

"Kitamu sana," akasema.

"Umeshiba, Mheshimiwa?"

"Nimeshiba."

"Nafurahi. Wengine wanasemaga havishibishi."

Nyati alicheka mpaka mkeka ukatikisika. Ikafika zamu yake. Bibi Pimbi akamletea kifungo chake juu ya jani, na ilibidi watu wa mbele wawaambie wa nyuma kwamba ameshapewa.

Nyati akakinyanyua kwa ncha za kwato. Akalia, na ni kweli alikuwa amefanya mazoezi, machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Akasema habari za kina mama wajane na vifaranga. Halafu akakitia mdomoni kile kifungo, na kikapita kama nzi anavyopita dirishani. Akatafuta kwa ulimi. Hakuna.

Bado ilikuwa asubuhi.

Jua likapanda. Hotuba zikaisha, maana hotuba nazo zinahitaji chakula. Mwanzoni wagombea walitazamana kwa dharau. Baadaye wakatazama chini. Mchana ulipokolea, katikati ya ukimya, tumbo la Kiboko likasema, "Ngrrr-kwaa."

Watoto wakageuka.

Tumbo la Nyati likajibu, "Wooo-rrro."

"Ngrrr-kwaa, kwaa."

"Wooo-rrrrro."

"Mdahalo umeanza," akasema Nyani. "Na tangu nizaliwe, huu ndio wa kwanza ambao wote wawili wanasema kweli."

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Hata Korongo alibadilisha mguu.

Hapo Bibi Pimbi akakifunua kikapu kilichokuwa kimefunikwa pembeni yake tangu asubuhi. Ndani mlikuwa na vitumbua vya mchele wa gunia lile na mafuta ya dumu lile: vinene, vimeshiba unga, vina tui na iliki, vilivyojaza shimo la chuma mpaka juu kama enzi za mama yake. Upepo ulimsaidia, ukaichukua harufu na kuitua mkekani.

"Bibi," Kiboko akanong'ona. "Bibi. Nirushie kimoja."

"Mama," Nyati naye akanong'ona. "Mama yangu mzazi."

"Mmesikia sheria," akasema Bibi Pimbi, si kwa kunong'ona. "Nyongeza huombwa kwa sauti."

Wakatazamana tena, na safari hii dharau ilikuwa imekwisha. Aibu ikapigana na njaa, na aibu haina meno.

"Naomba nyongeza," akasema Nyati.

Gulio zima likasogea mbele.

"Utapata," akasema Bibi Pimbi. "Lakini kauri yako siitaki. Nataka neno. Ukipata kiti, kila siku ya gulio utakuja kuketi mkekani hapa, ule cha kauri moja, mpaka jua lizame. Si siku ya leo tu. Kila gulio."

"Kila gulio, mama?"

"Kila gulio. Na hakuna kuniletea dumu la mafuta kwa siri."

Watu wakaguna. Nyati akatazama kikapu. Kabla hajafungua mdomo, tumbo lake likasema, "Wooo-rrro."

"Tumbo limekubali," akasema Nyani. "Bado mwenyewe."

"Nakubali," akasema Nyati.

Bibi Pimbi akampa kimoja. Nyati akala macho yamefumba, na machozi yaliyomtoka hapo hayakuwa ya mazoezi.

"Na wewe, Mheshimiwa?"

Kiboko akavuta pumzi. "Mimi ni rais wa nchi. Siwezi kukaa gulioni kila mara kama kuku wa kuuzwa. Nitanunua."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wake, ulionona kuliko mfuko wowote uliowahi kufunguliwa Mwambani. Hakuuliza bei. Hakubembeleza, hakushtuka. Akahesabu kwa dole gumba, haraka, kama anayehesabu kila siku, akaziweka kauri tano kwenye jani.

"Haya. Ndiyo bei yake."

Na ni kweli. Kwa bei ya mchele ilivyokuwa, kitumbua kinene kilikuwa cha kauri tano, hazipungui, hazizidi. Kila mama wa Mwambani aliijua hesabu hiyo, ndiyo iliyomkosesha usingizi.

Bibi Pimbi akampa kimoja bila kubisha, na Kiboko alikuwa ameshakitia mdomoni Mama Kwale aliposogea mpaka ukingoni mwa mkeka.

"Mheshimiwa," akasema, "nani amekuambia ni tano?"

Kiboko akaacha kutafuna.

"Asubuhi umesema ni moja. Bibi hajakutajia bei. Nani amekuambia?"

"Mama, hayo ni mambo ya..."

"Kumbe unajua." Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. "Miaka yote nimegombana na majirani kwa ajili yako. Nimewaambia hajui, wanamficha. Mimi nimekutetea kwa kutokujua kwako, na wewe unaijua mpaka kauri ya mwisho."

Akaifungua ile kanga yenye pua. Wengine walidhani ataichana. Hakuichana, nguo ni nguo. Aliigeuza ndani nje, akambeba nayo kifaranga mdogo, akarudi mahali pake.

Jua lilipozama Bibi Pimbi akagawa vitumbua vilivyobaki, akianza na vifaranga vya Mama Kwale.

"Mungu akubariki, bibi," akasema Mama Kwale.

"Usinisifu. Vikilala vinachacha."

Kesho yake wanyama wakajipanga. Nyuma ya Kiboko walisimama Mamba, ndugu zake wa mtoni, na wale ambao bwawa bado lilikuwa limewajaa moyoni. Haukuwa mstari mfupi. Mama Kwale alisimama katikati ya uwanja, hajui aelekee wapi.

"Bibi, nisimame wapi? Huyu mwingine naye alikuletea dumu."

"Alileta."

"Si mwema basi."

"Nani amesema ni mwema? Simama nyuma ya yule tuliyemfunga kwa tumbo lake. Moyo wake siujui."

Mama Kwale akashusha pumzi, akaenda nyuma ya Nyati kama anayekwenda kuchota maji mbali. Waliokuwa wanamtazama yeye wakamfuata, mmoja mmoja, bila wimbo wala kigelegele. Korongo akapita kati ya mistari na shingo yake ndefu, akatazama huku, akatazama huku. Wa Nyati ulikuwa mrefu zaidi.

Gulio la kwanza Nyati alikuja na matarumbeta, akala kitumbua chembamba kama sikio la mbuzi, akakaa na tumbo lake mpaka jioni. Gulio la pili alimtuma msaidizi wake, Kuro, amwakilishe.

"Mwambie aje mwenyewe," Bibi Pimbi akamwambia Kuro. "Tumbo haliwakilishwi."

Umma ulikuwa umesimama pale ukisikiliza, kwa hiyo gulio la tatu alikuja. La nne pia, bila matarumbeta. Kabla ya la tano watu wa bondeni walimwona rais akielekea darajani kwa mwendo wa mtu mwenye njaa, na Mamba wakaambiwa warudi kwenye kiganja.

Ushuru haukufutika, msifurahi sana. Ulirudi kiganja tu. Na kitumbua hakikurudi kama cha mama yake Bibi Pimbi, kilifika nusu ya shimo kikakomea hapo. Lakini nusu ya shimo ilitosha vifaranga kulala bila kulia, na ilitosha mama yao kula kipande badala ya kulamba jani.

Nungunungu akaja tena. "Bibi, kile chuma?"

"Nenda kafue kitu kingine. Hiki kina kazi, gulio lijalo lina mgeni."

Akainama kuchochea kuni, na magoti yake yakalia ko, ko, ko, maana magoti hayapigiwi kura.

Hadithi yangu imeshaiva, naiepua. Aliyekula cha moto ameshiba, aliyekuwa anasinzia atakikuta kimepoa, asinilaumu.

Bei ya chakula haishuki mpaka njaa ipande ikae kwenye kiti cha mkubwa.